Nilitwanga kinywa cha mwanangu kwenye kinu nikidhani ni uchawi

Wakuu wa jukwaa, nawasalimu. Wadogo na wajukuu, shikamoo zenu nimeshazipokea, msijaze uzi kwa kuandika kila mmoja ya kwake.

Mimi ni mama wa Kisukuma, kwetu ni upande wa Segese, huku kwenye dhahabu. Shule niliishia darasa la nne. Naandika kwa kidole kimoja, kwa hiyo atakayekuta herufi imekaa vibaya aipite, asinifundishe.

Ninayoyaandika ni ya kweli na hayanipendezi. Anayetaka kucheka acheke sasa, kule mbele hapachekeki.

Ilikuwa miaka ya tisini, simu za mkononi hazijatufikia bado. Mume wangu alikuwa amekwisha kufa. Nilikuwa na ng'ombe wachache, nauza samli Kahama, na nilikuwa na mwanangu wa kwanza, Masanja.

Masanja alikuwa manju. Kwa wasiojua ngoma zetu, manju ndiye anayetunga na kuongoza nyimbo. Baada ya mavuno vikundi viwili vinashindana, na manju ndiye anasimama mbele kuwasema wapinzani mpaka watu wao wenyewe wacheke. Mwanangu alikuwa na mdomo mkali. Niliwahi kumwona mwanamume mzima anaondoka uwanjani kwa wimbo wa Masanja.

Msimu wa ngoma ukiisha alikuwa anakwenda machimboni kama vijana wote.

Siku moja walikuwa wanavuta mawe kutoka kwenye duara, ndiyo shimo la kuchimbia. Kamba ikateleza, kiroba cha mawe kikarudi chini kwa kasi, mkono wa winchi ukazunguka na kumpiga mdomoni.

Meno manne ya mbele ya juu yakaondoka siku hiyo hiyo.

Walimleta nyumbani amejifunga kanga ya mtu usoni. Alipona kidonda, lakini Masanja yule hakurudi. Sauti ya "s" ilikataa kabisa. Akitaja jina lake linatoka Mathanja. Machimboni wakaanza kumwita hivyo hivyo, Mathanja, na manju wa kikundi pinzani akamtungia wimbo kwamba sasa anafaa kuimbia watoto wanaonyonya.

Akaacha kuongea. Ukimuuliza kitu anajibu kwa kichwa. Akila anageukia ukuta. Mkono wake wa kushoto ukahamia mdomoni ukakaa hapo.

Sasa pale Kahama kulikuwa na mama mmoja wa Kihindi niliyekuwa namuuzia samli, tulimwita Mama Nasrin. Familia yao walikuwa na duka la vitambaa. Nikamweleza habari za mwanangu. Akasema kaka yake ni daktari wa meno Nairobi, na kwamba yuko daktari mgeni anakuja kwa huyo kaka kutoka Ulaya, anapanda meno kwenye mfupa.

Nikamuuliza, anapanda kama mahindi?

Akacheka akasema ndiyo, Mama Masanja, kama mahindi, ila yanaota na chuma.

Mimi sikuamini. Nilimwambia Masanja kwamba meno ya chuma kwenye mfupa wa mtu mimi sitaki kuyasikia. Lakini yeye alikuwa mtu mzima, akauza ndama wake, Mama Nasrin akampa barua ya kwenda kwa kaka yake, akapanda basi la Mwanza.

Akarudi baada ya majuma matatu. Bado hana meno.

Nikasema, umeona? Akatikisa kichwa. Akasema maneno machache tu, kwamba wamempiga picha na atarudi tena baada ya mavuno. Mimi sikuuliza zaidi.

Hapo wakuu mpaweke alama. Sikuuliza. Mtu ambaye kuongea kunamtesa ndiye niliyemwachia kazi ya kueleza.

Sasa niwaambie maneno yaliyokuwa yanazunguka mwaka ule. Ilikuwa inasemwa kwamba mchimbaji anayetaka dhahabu anakwenda kwa mganga, na mganga anamwambia atoe kitu cha mwili wake. Kwamba fulani alitoa kidole akapata. Kwamba fulani alitoa nguvu za kiume akapata. Ilikuwa kweli au uongo sijui, lakini kisimani ndiyo yalikuwa mazungumzo.

Asubuhi moja Masanja ameenda mnadani Segese. Mimi nikaingia chumbani kwake kufagia. Chini ya kitanda nikakuta kifurushi cha kitambaa, kimefungwa vizuri, mafundo mawili.

Nikakifungua.

Ndani kulikuwa na kinywa cha mtu.

Cheupe kama chokaa. Ufizi, meno, mpaka mikunjo ya juu ya kinywa. Na kilikuwa na pengo la meno manne mbele, na pembeni lile chonge lililompanda mwenzake, ambalo mwanangu alikuwa nalo toka akiwa na miaka kumi na miwili. Nilikuwa nalijua lile chonge kama ninavyojua vidole vyangu.

Pamoja nacho kulikuwa na kibao cha plastiki kinachoona ndani, kimekaa sawasawa juu ya yale meno, kina matundu mawili.

Nikakaa chini. Nikasema basi, hakwenda Nairobi huyu. Amekwenda kwa mganga, na alichotoa ni mdomo wake. Amemuuzia mdomo ndiyo maana haongei.

Mtanisamehe mliosoma. Mimi hata X-ray nilikuwa sijawahi kuiona. Ukikuta kinywa cha mwanao kimefungwa kwenye kitambaa chini ya kitanda, na umeambiwa watu wanauza viungo, utafikiri nini?

Nilichukua kile kinywa nikakitia kwenye kinu. Kilivunjika kwa mchi wa kwanza. Nikaendelea kutwanga mpaka kikawa unga. Kile kibao nilikitia motoni, kikajikunja, kikanuka vibaya. Nikauchota ule unga nikaenda kuumwaga njia panda, nikaomba Mungu.

Njiani nikakutana na wanawake wawili wa kanisani kwetu. Nikawaambia.

Masanja alirudi mchana. Akaingia chumbani, akatoka. Akasimama mlangoni.

"Mayu, umeona kifurushi changu?"

Nikamwambia nimekitwanga na kukimwaga, na kama ana kingine akilete.

Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kizingiti.

"Mayu, ile ndiyo ilikuwa dawa yenyewe."

"Dawa gani ina sura ya mtu?"

Basi akanieleza. Ndiyo mara ya kwanza toka ameumia nilimsikia akiongea maneno mengi hivyo, na aliongea bila kuziba mdomo, s zote zikitoka th, na mimi sikuthubutu kumwangalia.

Akasema walimjaza udongo laini mdomoni ukaganda, wakaumwagia plasta, ndiyo ikatoka ile sura. Juu ya sura wakatengeneza kibao, wakaweka alama mbili ndani yake, wakamvalisha, ndipo wakamwingiza kwenye mashine kubwa ya siti skani akiwa amekivaa. Ile mashine inakata mfupa kwa picha, vipande vipande kama mkate, bila kisu. Mgeni akaviingiza kwenye kompyuta yake, akavipanga tena, akaona mfupa ni mnene wapi na mwembamba wapi. Akazitafuta zile alama mbili kwenye picha, akajua pa kutoboa na mlalo wa kutoboa. Akatoboa matundu kwenye kibao. Siku ya kazi angemvalisha kile kibao na kupitisha keke ya kutobolea kwenye matundu yale yale, pasikosewe.

"Wanachimba kama sisi, Mayu," akasema. "Ila wao wanajua mwamba ulipo kabla hawajashika nyundo."

Nikamuuliza kwa nini basi hawakumaliza kazi.

Akasema mfupa ulikuwa bado una jeraha, ilibidi upumzike. Wakampa kibao akijaribishe kila Jumapili, kama kikianza kukataa wajue ufizi umebadilika awahi kurudi. Na sura ya plasta alipewa ili kibao kikae juu yake kisipinde kwa joto.

Nikasema, si watatengeneza kingine?

Alikwenda. Mavuno yalipoisha alipanda basi akaenda, mikono mitupu. Kaka yake Mama Nasrin akamwambia kibao kipya si kazi, lakini picha zilipigwa na kile cha zamani mdomoni. Kompyuta ilikuwa inakijua kile. Kipya lazima kipigiwe picha upya, zipangwe upya, na mgeni alikuwa anafunga mizigo kurudi kwao na kompyuta yake. Aliondoka juma hilo. Hakuja tena. Kutoboa kwa kukadiria kwa macho yule daktari alikataa, na alifanya vizuri kukataa.

Mwanangu akarudi.

Na huku nyumbani lile neno nililowaambia wanawake wawili lilikuwa limeshafika machimboni. Mathanja ameuza mdomo. Mama yake mwenyewe kaukuta. Hakuna aliyetaka kushuka naye duarani tena, wakiogopa atawatoa kafara na wao. Kikundi cha ngoma kikachagua manju mwingine. Nilizunguka nyumba kwa nyumba kusema nilikosea, ile ilikuwa plasta ya hospitali. Walinisikiliza kwa heshima, wakanipa na kiti. Hakuna aliyeamini. Walisema mama lazima amtetee mwanawe.

Masanja akahamia Kagongwa, akapata kazi kwenye mashine ya mpunga. Pale kuna kelele, hakuna anayehitaji kuongea. Yuko pale mpaka leo. Alioa, akazaa, ananiletea mchele kila mwaka. Hajawahi kunitupia lile neno hata siku moja. Na sijamsikia akiimba tena.

Miezi miwili iliyopita binti yake, Kabula, alisema baba yake lazima apate meno. Kabula anafanya kazi Mwanza, ndiye aliyeniwekea hili jukwaa kwenye simu nisome habari za mifugo. Anachojua yeye ni kwamba baba yake aliumizwa na winchi, basi. Hayo mengine hakuna aliyemwambia.

Tukaenda kliniki Mwanza, sisi watatu.

Wakuu, mambo yamebadilika. Hakuna udongo, hakuna plasta. Daktari, binti mdogo tu, alishika kitu kama kalamu nene akakipitisha mdomoni kwa Masanja, na kinywa kikawa kinajijenga kwenye kompyuta mbele ya macho yetu, ufizi na meno. Nikaliona lile chonge. Halafu akamsimamisha kwenye mashine ikamzunguka kichwa, kufumba na kufumbua imemaliza. Akasema kibao cha kuongozea siku hizi kinachapishwa na mashine, na kikipotea wanachapa kingine, maana kila kitu kimehifadhiwa ndani.

Kikipotea wanachapa kingine. Alilisema hivyo hivyo, kama mtu anayesema habari za mvua.

Kisha akageuza picha akatuonyesha mfupa kwa pembeni. Pale mbele, penye pengo, palikuwa pembamba kama ganda la yai. Akasema jino likitoka mfupa wake unakosa kazi, unaanza kuyeyuka mwaka hadi mwaka. Sasa hapana pa kushika chuma. Inawezekana kuchukua mfupa sehemu nyingine wakapandikiza kwanza, wasubiri miezi, ndipo meno.

Masanja akasema hapana, daktari, umri umekwenda.

Daktari akamuuliza, kwa upole kabisa, kwa nini hakutibiwa wakati ule ameumia, maana wakati ule mfupa ulikuwepo.

Kabula akamtazama baba yake. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Masanja akaweka mkono mdomoni, akasema, "Nilichelewa mwenyewe, daktari. Uzembe wa ujana."

Kabula akaanza kumgombeza baba yake pale pale. Baba wewe kwa nini unajidharau, baba mfupa wote huo umeuacha uende. Alimgombeza mpaka stendi. Na mwanangu alitembea ameinamisha kichwa anayapokea, na mimi niko nyuma yao na fimbo yangu, na mdomo ninao, na meno ninayo, na sikusema kitu.

Huwa najisifu kwamba mimi ni mtu wa kusema. Watu wa kwetu wananiogopa kwa hilo.

Nilichojifunza ni kifupi. Ukikuta kitu cha mtu usichokielewa, kifunge ulivyokikuta umsubiri mwenyewe. Usimwambie mtu wa njiani. Na wewe uliyeng'oka jino nenda leo, usisikilize watu kama mimi, maana mfupa haumsubiri mtu.

Mliopandikiza meno, semeni hapa chini ilikuwaje, na wale mliofanyiwa kazi ya kuongeza mfupa mkiwa watu wazima mseme kama inauma, labda kuna mtu atasoma akabadili mawazo. Mnaotaka kunitukana pia nafasi ipo, sitajibu.

Kabula mjukuu wangu, najua unapita humu. Baba yako hakuchelewa. Alikwenda mapema, alikwenda mara mbili. Ni mimi.