Kaimu wa Miaka Minane

Mkurugenzi wa hospitali yetu simpendi, na msomaji asikae akisubiri nibadilike kabla ya mwisho. Nimemfungulia barua zake pale masjala miaka kumi na moja. Mtu unayemfungulia barua unamjua kuliko mkewe.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, alikuwa muuguzi wa wodi ya watoto mpaka metroni wa zamani alipostaafu. Mkurugenzi akamwita ofisini akamvika kilemba cha ukoka: hakuna kama wewe, hospitali nzima inakutegemea. Akampa barua ya kukaimu nafasi ya Muuguzi Mkuu kwa miezi sita. Miezi sita ikazaa miezi sita mingine, mpaka ikatimia miaka minane. Wauguzi mia moja na kumi, zamu zao, ugomvi wao, ndoa zao zinazovunjika, vyote vilimwagwa mezani kwake. Na kila barua aliisaini kwa "K.n.y.", kwa niaba ya Muuguzi Mkuu, mtu ambaye hakuwepo duniani. Watu wakasahau jina lake, wakamwita Kaimu. Hata mume wangu, aliyenyonya naye ziwa moja, alikuwa akiuliza, "Kaimu kashakula?"

Mimi nilikuwa namchokoza. "Wifi, mimba ya tembo haifiki hata miaka miwili. Yako utajifungua lini?"

"Hebu nipishe na mdomo wako. Watanithibitisha tu."

Aliamini kweli. Hilo ndilo lililonichoma.

Jumanne moja, saa sita mchana, oksijeni ikaisha wodi ya watoto. Kichanga cha miezi minne kikakimbizwa kwa ambulensi hospitali nyingine, mama yake akikimbia nyuma ya machela na kiatu kimoja mguuni. Mungu saidia, kikapona. Siku ya tatu ikapita mkononi mwangu barua ya mkurugenzi kwenda kwa wifi yangu: afike mbele ya kamati, ajieleze kwa nini asifukuzwe kazi. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja na nusu astaafu. Akifukuzwa, miaka thelathini na miwili ya kazi ingepotea.

Nikampelekea mwenyewe. Akaisoma, kisha, wallahi, akatabasamu.

"Wifi, umeona? Wameandika 'Kwa Muuguzi Mkuu'. Hawajaweka kaimu."

Nilitamani nimzabe kofi.

Nikarudi masjala nikapekua mafaili hadi vumbi likanipandisha mafua. Wifi yangu alikuwa ameomba mitungi ya oksijeni mara tatu. Barua ya tatu ilirudishwa, na pembeni, kwa kalamu nyekundu, mkurugenzi alikuwa ameandika kwa mkono wake: "Huyu ni kaimu tu. Hana mamlaka ya kuagiza. Asubiri." Nikatoa kopi mbili. Moja nikaificha kwenye sidiria, maana kabati za ofisi ile hazina siri.

Ya pili nikampelekea wifi, nikidhani atanikumbatia. Akaisoma, akanirudishia.

"Siitumii hii."

"Una wazimu?"

"Nikiionyesha, nitakuwa nimekubali."

"Umekubali nini?"

Akasimama aondoke. Nikamwekea kwenye mkoba wake kwa nguvu.

Siku ya kamati niliitwa kupeleka faili, nikajifanya nalipanga polepole ili nisitoke. Mkurugenzi alikuwa amevaa suti, anasikitika kama mfiwa.

"Huyu ndiye Muuguzi Mkuu," alisema. "Mamlaka yote ya uuguzi yako mikononi mwake. Mimi ningejuaje?"

Nyani haoni kundule. Mwenyekiti, mama mmoja mnene mwenye sauti ndogo, akamgeukia wifi yangu.

"Dada, ni kweli? Wewe ndiye Muuguzi Mkuu?"

Wifi akatazama meza. Nikaanza kumwombea dua zote ninazozijua. Neno moja tu la "ndiyo" lingempa cheo na kumnyang'anya kazi papo hapo. Mwishowe akafungua mkoba, akaisukuma ile karatasi mezani.

"Someni wenyewe."

Mwenyekiti akasoma kwa sauti, pamoja na lile "kaimu tu". Mkurugenzi akaomba maji ya kunywa.

Wiki iliyofuata uamuzi ukatoka. Mkurugenzi kapewa onyo. Onyo! Mtoto kanusurika kufa, mzee kaandikiwa karatasi! Lakini nilirukia mistari ya chini: "Kwa kuwa mtajwa hakuwa na mamlaka yoyote katika nafasi hiyo kwa muda wote wa miaka minane, hana hatia." Nikatoka mbio na vigelegele korido nzima, hadi wagonjwa wakauliza nani kaolewa.

Nilimkuta wifi ofisini kwake amesimama. Akaisoma mara mbili, kidole kikifuata mstari.

"Umepona, wifi!" nikamwambia. "Kazi yako iko palepale!"

"Hakuwa na mamlaka yoyote," akasoma. "Kwa muda wote." Akanitazama, na macho yake hayakuwa ya mtu aliyepona. "Miaka minane nimezika watu humu, nimezalisha watu humu. Ili nibaki na kazi imebidi nithibitishe kwamba sikuwepo. Na wewe unanipigia vigelegele."