Mwaka Baba Alipokosa Nyavu

Naikumbuka siku ziwa lilipofunguliwa mwaka ule, mwanangu, kuliko ninavyoikumbuka siku ya harusi yangu. Wewe umezaliwa ukakuta mambo haya: mwisho wa mwaka serikali inafunga ziwa hili la Mweru ili samaki wazaane, na mvua zikielekea kwisha inafungua. Siku ya kufungua, huku kwetu Kashikishi ilikuwa kelele tangu alfajiri, mitumbwi ikishushwa, akina mama wakigombea nafasi ya kuanika chisense, hawa dagaa wetu. Mwaka ule nilifika ufukweni nikakuta kimya. Mitumbwi ilikuwa imepinduliwa mchangani, na wenyewe wamekaa juu yake. Baba yangu alikuwa mmoja wao, amevaa nguo zake za kazi, hana nyavu.

Nilishtuka mpaka nikasahau kumwamkia.

Ngoja nikueleze ilivyofika hapo, maana jana umeniambia kikundi chenu cha akiba kinataka kuvunjwa, kila kitu kipelekwe benki moja, na umeniambia kwa furaha. Tangu hapo moyo wangu haujatulia.

Ujanani mwangu, fedha za ufukwe huu zilikaa sehemu nyingi. Ziwa likikaribia kufungwa, sisi wauza samaki tulimwachia sehemu ya akiba yetu Mama Ngoi, mjane kutoka Kongo, ng'ambo ya ziwa, aliyeuza chumvi na nyavu. Kwa fedha hizo alileta mzigo, na ziwa likifunguliwa aliwapa wavuvi nyavu na chumvi bila malipo ya kwanza. Walimlipa samaki walipopatikana, naye akaturudishia chetu na kidogo juu yake. Alikuwa mkali, na bei yake iliuma, nisikudanganye. Lakini alimjua kila mvuvi mpaka Mununga na kisiwa cha Kilwa humu ziwani, nani anafanya kazi na nani anakunywa. Kulikuwa pia na mwenye duka mmoja aliyekopesha injini za boti, kwa akiba za majirani vilevile.

Kisha nyumba ya mama mmoja ikaungua na fedha zake zote ndani, na miezi hiyohiyo benki ikafungua tawi hapa jirani, Nchelenge. Tuliogopa moto, tukakimbilia benki. Mimi nilipanga foleni nimejipaka mafuta usoni, na nilipotoka nilijiona mtu wa maana. Wala benki haikutufanyia baya lolote. Fedha zilikuwa salama, na riba ndogo waliyoahidi waliiweka. Ila Mama Ngoi alibaki na duka tupu, na yule wa injini akafunga mlango akahamia Mansa.

Baba alipokwenda benki kuomba mkopo wa nyavu, walimpokea vizuri, hata kiti walimpa. Wakamwuliza karatasi ya mshahara, hana. Wakamwuliza hati ya kiwanja. Ardhi ya huku ni ya chifu, hati angeitoa wapi? Mtumbwi wake haukuhesabika, kwa sababu mtumbwi unaweza kuzama. Walimu na wafanyakazi wa halmashauri walikopeshwa, wakanunua masofa na televisheni, nami siwaonei kijicho. Lakini samaki hawavuliwi kwa sofa.

Basi siku ile tuko ufukweni tunaangaliana, likaja lori kutoka Kitwe na boti mpya juu yake, nyavu mpya bado ziko kwenye mifuko. Mwenye mali alikuwa mtu mcheshi, akatusalimia wote, akasema anatafuta vibarua wanaolijua ziwa. Nikamwuliza, kwa wivu tu, fedha za vitu vyote vile alizipata wapi.

"Dada, ni benki hiihii mliyonayo hapa," akanijibu. "Mimi nina nyumba yenye hati kule mjini. Hawakunisumbua hata kidogo."

Mwanangu, nikaelewa. Benki ilikuwa moja. Tulichoweka hapa kilikopeshwa kule, na sasa kimerudi ziwani kwetu kikiwa na mwenyewe mwingine. Baba naye alisikia. Alisimama, akakung'uta suruali yake, akaomba kibarua. Mtu mwenye mtumbwi wake mwenyewe! Siku ile alivuta nyavu zilizonunuliwa kwa akiba za binti yake na za majirani zake, akalipwa ujira wa siku, na chisense wakapakiwa kwenye lori. Sisi tulinunua waliobaki, kwa bei ya mwenye boti. Nilitafuta wa kumshitaki nikamkosa, maana hakuna aliyeiba.

Nilikwenda kwa Mama Ngoi nikiwa nimejaa hasira na benki. Alikuwa anachekecha unga wa muhogo, na hakuinua hata macho.

"Banki haina kosa, mutoto yangu," akasema kwa Kiswahili chao cha Kongo. "Ile iko banki ya batu ya mushahara na batu ya manyumba. Kazi yake njo ile. Kosa ni kufikiri franga yote, feza yote, inaweza kulala nyumba moja. Miye nilikuwa banki ya batu ya nyavu. Muliniua, na hamukuona hata maiti."

Nikamwuliza tu tufanye nini.

"Bon, acha kulia. Ya kuogopea moto, weka ku banki. Ya kutumika, leta kwa mutu mwenye anajua baba yako."

Tulifanya hivyo, lakini polepole mno. Mtumbwi wa baba ulipasuka kwa jua kabla nyavu hazijapatikana, na alifariki akiwa kibarua wa mtu. Mpaka leo nikipita pale alipokaa siku ile, nasimama nikamwamkia.

Kwa hiyo nisikilize. Leo mna benki, mna vibanda vya fedha za simu kila kona, mna vikundi vya akina mama. Wenzako wanasema ni vurugu, afadhali kitu kimoja kikubwa. Mimi nasema waacheni wakopeshaji wawe wengi na wa namna mbalimbali. Mji wetu utakua ikiwa mwalimu ana wa kumkopesha, mvuvi ana wake, na mama wa vitumbua ana wake. Wakopeshaji wakiwa wa aina moja watakopesha watu wa aina moja, na ninyi wengine mtakuwa vibarua wao. Kabla hujaweka fedha mahali, usiulize tu kama zitakuwa salama. Uliza zitakwenda kumfanyia nani kazi. Na kikundi chenu msikivunje, nakuomba kama mama yako.

Mungu akutunze, mwanangu, akupe majirani wanaokujua na akili ya kuwaamini. Na ziwa likifunguliwa mwaka huu, likukute una nyavu zako mwenyewe.