Kijito Kilichonywewa na Miti

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika panga. Shefu wetu wa misitu alinikalisha kando ya kijito kinachoingia mto Lukuga, akaniambia nisikilize asubuhi nzima. Nilisikia vyura, nikasikia ndege midiria wakitumbukia kuwinda samaki, na Mama Feza, mwenye bustani ya lengalenga, mchicha wa kwetu, akinicheka. Nikadhani mshahara wa Zaire ni wa bure.

Wakubwa waliotutangulia walikuwa wamepanda mikaliptusi ukingoni, ipatikane miti ya kujengea. Mti ule ni mgeni mwenye kiu. Ulivyozidi kurefuka, majani yake makavu yalifunika udongo, nyasi za kwetu zikakosa pa kuota, na kijito kikapungua sauti. Vyura walihama, midiria wakafuata. Mama Feza akawa anachimba matope kutafuta maji. Alisema yakikauka atarudi Niemba kwa ndugu zake. Niliumia sana, maana bustani ile ndiyo iliyowasomesha watoto wake.

Basi Jumamosi moja, kwenye salongo, ile kazi ya lazima ya mtaa, tulikata safu nzima tukiimba, tukarudi nyumbani vifua mbele. Kumbe mkaliptusi ukikatwa hauagi. Mvua ziliponyesha, kila kisiki kilitoa machipukizi tele, na kiu ikaongezeka.

Shefu hakufoka. Alinifundisha kuuvika mti pete, yaani kumenya ganda kuzunguka shina lote, kisha kuuacha ufe umesimama. Visiki navyo tukawa tunavikwanyua machipukizi kila yalipochomoza. Nilimwambia watu watatucheka.

“Wacheke tu,” akasema. “Muti unakufa polepole, na mayi inarudia polepole. Usikuwe na haraka kupita mayi.”

Walicheka kweli, wakituita wachuna miti. Mama Feza akafunga mizigo yake. Nilimsihi angoje kiangazi kimoja tu, akakubali bila kuifungua.

Asubuhi moja, vumbi la kiangazi likiwa kila mahali, aliniita akanipa kikombe cha maji ya kijito.

“Kunywa, Papa. Njo ile ya zamani.”

Nilikunywa nimefumba macho. Maji yalikuwa na ladha ya udongo. Nilipofumbua macho, Mama Feza alikuwa anafungua mizigo.

Sasa nimestaafu, na asubuhi bado naenda kukaa palepale aliponiweka shefu. Vyura wapo. Midiria hawajarudi. Nawangoja, sina haraka kupita maji.