Stesheni Ambayo Haijafungwa

Unajua serikali yako inajibu nini inapoulizwa kwa maandishi? Hujui. Hata mimi, ninayefanya kazi katika ofisi ya mbunge, sikujua uzito wa jambo hilo mpaka nilipotumwa kumpelekea Mama Stesheni jibu lake.

Jina hilo alipewa na abiria. Aliuza chai jukwaani tangu akiwa msichana, akazeekea hapo hapo. Kisha treni ikaacha kusimama, ikawa inapita tu. Wenye maduka wakahama, wapangaji wakawafuata, nyasi zikaota jukwaani. Yeye alibaki katika chumba cha nyuma ya dirisha la tiketi, kwa sababu hakuna barabara ya kumfikisha kwa dada yake, anayeishi stesheni ya tatu kutoka pale. Dada huyo amepooza na amepoteza kauli. Mama Stesheni humpigia simu kila jioni, na anayemuuguza humwekea simu sikioni.

"Nasema peke yangu," aliniambia. "Mwenzangu anapumua tu. Nikishasikia pumzi, nakata, nalala."

Alitaka kumwona angali hai. Ndipo mbunge wangu alipomwandikia waziri swali: nani aliagiza treni isisimame pale, na itasimama tena lini?

Nilimkuta ameinamia redio, matangazo ya bunge yakiendelea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nyamaza kwanza, mwanangu, huenda leo wakalisoma swali langu."

"Mama, swali la maandishi halisomwi bungeni. Linajibiwa kwa karatasi."

Aliniangalia, kisha akaiangalia redio. "Hee! Kumbe nimekaa na huyu miezi yote kama mume, na wala hana habari na mimi?"

Tulicheka. Yeye aliacha kucheka kabla yangu. "Haya, nisomee."

Nikasoma: stesheni hiyo haijafungwa, na treni za abiria zinaendelea kusimama kama kawaida. Chini yake, saini ya waziri.

"Rudia."

Nikarudia.

"Basi labda niliyefungwa ni mimi," akasema, akazima redio.

Kumpuuza mtu ni dharau. Kumwandikia, na kutia saini, kwamba treni inayompita kila asubuhi inasimama mlangoni kwake, huo ni ukatili. Nilitoka nje nikampigia mbunge.

"Safi sana!" akasema. "Wangejibu kwa mdomo, kesho wangedai wamenukuliwa vibaya. Hili wamelitia saini. Ama treni isimame, ama waziri aje aeleze kwa nini amelidanganya bunge."

Jua lilikuwa halijazama mbunge aliponipigia tena: waziri ameahidi, treni itasimama asubuhi.

Mama Stesheni alimpigia dada yake papo hapo. "Dada, nakuja kesho. Usinijibu, najua umenuna kwa kuwa nimechelewa." Akasikiliza kwa muda mrefu, simu imegandamana na sikio. Halafu akapanga mkoba: gauni, sabuni, mafuta ya kumkanda miguu. Mimi nililala kwenye benchi la abiria, nikijiona nimeitikisa serikali.

Asubuhi treni ilikuja ikipunguza mwendo, ikasimama kweli. Mama Stesheni alikuwa amevaa viatu vya kutokea. Kutoka behewa la mbele alishuka mwanamume mwenye tai, beji ya wizara na kamera.

"Mama, sogea hapo chini ya kibao cha stesheni. Inua mkoba kidogo. Tabasamu basi, mbona kama unakwenda msibani?"

Alitabasamu. Yule bwana akapiga picha, akaikagua, akapiga nyingine, kisha akapanda alikoshukia na kufunga mlango. Milango mingine haikufunguliwa hata mmoja. Honi ikalia.

"Nyie! Bado sijapanda!"

Nilikimbilia mlango wa karibu nikauvuta kwa mikono miwili. Ulikuwa umekazwa kwa ndani. Yeye alianza kulipiga behewa kwa kiganja, akitembea nalo, halafu akikimbia nalo, mpaka jukwaa likamwishia.