Maneno ya Mistari Saba

Ilikuwa mwaka wa hamsini na tatu. Hapana, ngoja, nisije nikakudanganya. Mvua ya mawe iliyochana majani ya fildi namba nane ndiyo ilikuwa hamsini na tatu, na haya yalitokea chai ilipokwisha kupona. Basi ni hamsini na nne. Mimi Makori, mtu wa Kisii, nilikuwa nachuma chai upande wa Kericho, na mistari yangu ilipakana na ya Mkipsigis mmoja wa Chebunyo aliyeitwa Chepyegon. Huyo ndiye ninayetaka kumweleza, maana sijaona mahali alipoandikwa.

Alikuwa mrefu, mpole, amesoma miaka miwili tu kama mimi. Mke wake, Chelimo, alikuwa mgonjwa wa kifua. Sisi wachumaji tulikaa kwenye laini, nyumba za duara, moto katikati na moshi hauna pa kutokea. Usiku ungemsikia Chelimo akikohoa kutoka nyumba ya tatu. Daktari wa misheni pale Kaplong alimwambia Chepyegon neno moja tu: mtoe huyu mama kwenye moshi.

Sasa, kwenye shamba lile nyumba zenye chimni, ile dohani ya kutolea moshi, zilikuwa za makarani. Na hakuna aliyekuwa karani bila Kiingereza.

Karani wetu wa mizani alikuwa Ephantus Kinyua, mtu wa Nyeri, mwembamba, penseli haitoki sikioni. Chepyegon alimwendea, akamwambia shida yake bila kuficha. Ephantus hakucheka. Alichukua tiketi ya mizani iliyoharibika, akaandika nyuma yake maneno saba ya Kiingereza na maana zake.

"Saba kwa wiki," akasema. "Jumapili ukitoka kanisani unarudisha haya, nakupa mengine. Usipoyajua yote, hupati hata moja."

Chepyegon hakuwa na meza wala taa ya kusomea. Alikuwa na mistari saba ya chai, fildi namba nane. Na chai, kwa asiyejua, huchumwa kwa mzunguko: leo uko hapa, kesho fildi nyingine, na baada ya siku saba unarudi mistari ile ile. Basi kila neno akalipa mstari wake. Akisimama kwenye kichaka cha kwanza analitaja, halafu anachuma akilisema mpaka mwisho wa mstari, vidole vikienda nalo. Neno la subira lilikaa mstari wa tatu, la uzito mstari wa tano. Wiki ikirudi, analikuta neno la zamani pale pale, anaweka jipya juu yake. Hata mimi nilijifunza kidogo, kwa kusikia tu.

Mnyapara wetu, Obonyo, akamkuta siku moja.

"We Chepyegon, hii chai unaifundisha nini?"

"Kiingereza, mnyapara."

"Ala! Basi siku ikikujibu uniite. Nitaiandika kazi ya ofisi, na wewe ubaki ukichumwa!"

Tulicheka sana. Chepyegon naye alicheka, halafu akainama akaendelea na mstari.

Hivyo ndivyo alivyokwenda karibu mwaka mzima.

Jumamosi moja tulikuwa tumepanga foleni kwenye mizani. Ephantus alikuwa ametundika kikapu changu kwenye ndoano, lori la askari lilipoingia. Wakati ule wa hali ya hatari, watu wa kabila lake walikuwa wakikusanywa kila mahali na kutiwa kizuizini. Askari akamwita kwa jina. Ephantus akasema, "Nimalize huyu." Akasoma uzito wangu, akauandika vizuri, akarudisha penseli sikioni. Kisha akatoa tiketi mfukoni, akaiweka ndani ya kikapu cha Chepyegon.

"Ya wiki hii ni maneno ya kuulizia," akamwambia. "Mpaka sasa umejua kutaja vitu tu, ndugu yangu. Sasa ujifunze kuuliza."

"Twende, karani," askari akasema.

Lori likaondoka, yeye amesimama nyuma na wengine. Hakupunga mkono. Nadhani alikuwa ameshika ubao wa lori.

Mwezi haukuisha, meneja akatangaza anatafuta karani wa mizani. Kazi ile ile ya Ephantus, na nyumba ile ile yenye chimni, iliyokuwa imefungwa kwa kufuli. Chepyegon aliomba, akaitwa. Mimi nilikwenda naye mpaka mlangoni, nikasimama na Obonyo.

Yule meneja Mzungu akamwuliza maneno ya Kiingereza. Chepyegon akapapasa hewani kwa vidole, neno halikuja. Akamwuliza mepesi zaidi, jani, kikapu. Hata hayo hayakuja. Mwishowe akamgeukia Obonyo, akasema kwa Kiswahili, "Mnyapara, mwambie bwana maneno yangu sikuja nayo. Yako fildi namba nane."

Makarani wa ofisini walicheka mpaka mmoja akalaza kichwa mezani. Lakini yule meneja, nisimsingizie, hakuwa mtu mbaya. Alichukua kofia yake, akasema, "Twende tuyaone."

Tukaenda. Na kweli, Chepyegon alipogusa kichaka cha kwanza, mdomo ulifunguka. Alitembea mstari kwa mstari, vidole vikicheza juu ya majani, maneno yakitoka na maana zake, arobaini na zaidi kila mstari. Obonyo alivua kofia. Meneja alikuwa akitembea nyuma yake, kofia mkononi, kama mtu aliye kanisani.

Walipofika mwisho wa mstari wa saba, meneja akasema kwa Kiswahili ili sote tusikie: "Moja tu limebaki. Niulize swali kwa Kiingereza, lolote, ulilolitunga mwenyewe. Ukiweza, kazi ni yako."

Swali lolote. Angeuliza mvua itanyesha lini, angelala chini ya chimni siku ile ile. Chepyegon aliweka mkono juu ya majani. Halafu akauliza polepole, neno kwa neno, na hata mimi nikaelewa: karani Ephantus Kinyua mlimpeleka wapi?

Meneja alimtazama. Akavaa kofia, akashika njia ya ofisini. Kazi akapewa mtu mwingine.

Jioni ile nilikuwapo Chepyegon alipomweleza mke wake. Aliongea ameinamisha kichwa. Chelimo alikohoa kwanza, kisha akamwuliza:

"Na alikujibu?"

"Hapana."

"Basi ile nyumba ningepumuaje ndani yake, baba Chepkorir? Funga mizigo."

Walirudi Chebunyo, kwenye joto, Chelimo akawa anapikia nje. Aliishi miaka tisa zaidi. Nilipowatembelea, Chepyegon alikuwa anachunga mbuzi, na Kiingereza chote kilikuwa kimebaki kwenye chai, isipokuwa lile swali.

Mimi nikalichukua, nikaondoka nalo. Nimetembea Nakuru, Thika, Karatina, Nyeri kwenyewe. Kila nikikutana na mzee wa huko, au mtu aliyewahi kuvaa magwanda, namsalimu, tunaongea ya mvua, kisha namwuliza: Ephantus Kinyua, karani wa mizani, yule wa penseli sikioni, walimpeleka wapi?