Herufi za Mstari wa Mwisho

Z, N, H, V, K, tena Z. Mpaka leo ukiniamsha usingizini nitakutajia mstari wa mwisho wa ile karatasi ya kupimia macho, ingawa mimi mwenyewe sikuwahi kupimwa nayo. Ilitundikwa katika hospitali ya kampuni, na madereva wote wa kambi yetu walikuwa nayo kichwani. Sijui nani aliiiba kwanza. Kwetu ilifika imeandikwa nyuma ya pakiti ya sigara, na mimi ndiye niliyemfundisha mume wangu, nikitwanga sombe, majani ya muhogo: pigo moja la mchi, herufi moja.

Aliendesha kamyo kubwa ya kubebea mawe huko Mashamba, kwenye mgodi wa kampuni. Jicho lake la kushoto lilikuwa likififia pole pole, naye akasingizia vumbi. Dereva asiyeona alishushwa kwenye kamyo siku hiyohiyo, na mume wangu bila kamyo, jamani, angewanunia hata kuku. Basi kila wakati wa kupimwa ulipokaribia, tulikariri. Mara tatu alipita. Mara tatu muuguzi aliandika kwenye faili kwamba jicho la kushoto linaona mpaka mstari wa mwisho, nami nikampikia samaki kumpongeza. Leo nikikumbuka kwamba alikuwa akipita ukingoni mwa lile shimo la mgodi kwa jicho moja, naona aibu.

Kisha jicho likaanza kutoka nje. Halikumuuma, lilisukumwa tu mbele, likamfanya aonekane kama mtu aliyeshtuka upande mmoja. Hilo halikuwa jambo la kukariri. Kampuni ikampeleka kwa daktari wa macho aliyekuja kila mwezi kutoka Lubumbashi na kukaa wiki mbili, nami nikafuatana naye.

Daktari alimpiga picha ya radio, ile ya kuonyesha mifupa, akalibonyeza jicho kwa kidole, akafungua faili. Akasoma, akarudia kusoma.

"Tata, kuko kitu nyuma ya jicho, mu tundu ya mufupa," alimwambia mume wangu. "Faili inasema miezi sita nyuma ulisoma mpaka chini kabisa. Leo hauone hata bidole byangu. Kitu yenye kukua mbio vile iko mubaya. Lazima nitoe jicho na yote yenye iko nyuma yake, mbele ya kufika mu kichwa."

Nikauliza: "Na kama ingekua pole pole, dokta?"

"Kama ni ya miaka, ningepita hapa." Akavuta kope lake mwenyewe la chini, akaonyesha upande wa ndani. "Njia kidogo sana, bila kukata mufupa. Natoa ile kitu peke yake, jicho inabakia. Lakini faili inakatala."

Nilimgeukia mume wangu, nikasubiri aseme. Alikuwa akitazama sakafu. Nilielewa: akikiri, kamyo imekwenda, na wenzake wote wa zamu watapimwa upya. Alikuwa tayari kutoa jicho kuliko kufungua kinywa. Hasira ikanipanda mpaka masikio yakawaka.

"Dokta, ile faili ni bongo, inadanganya," nikasema. "Mi njo nilimufundisha zile letre za karatasi. Hii jicho haione muzuri tangu miaka mbili."

"Usimusikilize!" Mume wangu aliruka kitini. "Huyu mwanamuke anaogopa kisu, njo maana anasema bongo!"

Daktari alitutazama kwa zamu. Basi mmoja wetu alikuwa mwongo, na mimi ndiye niliyekuwa nimekiri kudanganya.

"Mama," akasema, "nikipita njia kidogo na kumbe kitu iko mubaya, tata atakufa. Uko na nini ya kunionyesha?"

Niliogopa sana. Hata hivyo niliipa mgongo karatasi ya ukutani, nikaitaja yote kuanzia juu mpaka ile Z ya mwisho. Halafu nikafungua mkoba. Karte ya uraia ya mume wangu niliitunza mimi, maana yeye hupoteza kila kitu, na picha yake ilikuwa imepigwa miaka miwili nyuma. Daktari aliiwekea kioo cha kukuzia, akainama juu yake muda mrefu. Chini ya mboni ya kushoto weupe ulikuwa umeshaanza kuonekana: jicho lilikuwa likisukumwa mbele tangu wakati ule. Mimi nilikuwa nikiishi na uso ule, sikuwa nimeuona.

"Pole pole," daktari akasema, kama anayejiambia mwenyewe.

Kesho yake nilikaa kwenye benchi la korido tangu asubuhi. Nilisali rozari nikasahau nimefika wapi, nikaanza upya. Nilijiuliza kama nimemuua. Daktari alipotoka alikuwa na kibakuli, na ndani yake kidude chekundu kinachoelekea weusi, laini, kama haragwe kubwa lililolala majini. Kilikuwa kimetoka kizima, kimejifunga ndani ya ngozi yake.

Mume wangu hakunisemesha siku nane. Maji niliyomletea mimi alimwomba muuguzi amsogezee. Habari ilishamfikia: hana tena kamyo, atakuwa anagawa glovu kwenye depo, bohari ya kampuni. Wanawake wa kambi nao waliacha kuitikia salamu zangu. Hospitali ilitundika karatasi mpya, na sidhani ilimaliza miezi miwili kabla nayo haijafika nyuma ya pakiti ya sigara.

Siku ya kufungua bandeji, muuguzi alimziba jicho la kulia kwa kiganja. Daktari alisogea karibu na karatasi, akacheka, akaigeuza iangalie ukuta. Akanipa kalamu na ukurasa mtupu.

"Mama, uandike kitu yenye hajafundishwa."

Nilisimama ukutani nikaandika kwa herufi kubwa, nikainua. Mume wangu alinyoosha shingo. Jicho lilikuwa jekundu, likitoka machozi.

"U," akasema. "N. G. A..." Akakaza jicho. Nikajua hapo ndipo jicho lilipoishia. Kisha akasoma yote kwa mkupuo: "Ungali na kasirani?"

"Njo umeandika vile, mama?" daktari akauliza. Nikatikisa kichwa kukubali.

Mume wangu aliendelea kunitazama kwa jicho lilelile.

"Ndiyo," akanijibu. "Sana."

Nikaangua kilio cha furaha mbele ya daktari na muuguzi, karatasi ningali nimeishika juu.