Siku Niliyomkumbatia Mama Mkwe

Haya, chekeni mkimaliza kusikia, mimi aibu yangu nimeshaizoea: ndiye mimi Kamau wa Kitale aliyemkumbatia mama mkwe mbele ya ukoo mzima, huko Kimilili, kabla hata sijakubaliwa kuwa mkwe.

Nekesa alikuwa amenionya wiki nzima. Kwao Wabukusu, mkwe hampi mama mkwe mkono, hakai naye chumba kimoja, akimwona njiani anampisha. "Kamau, ukikosea mengine yote watasamehe, lakini hiyo usijaribu." Nikamwambia bana, mimi ni mtu mzima, kutomgusa mama wa mtu kuna ugumu gani?

Sasa, asubuhi ya kwenda kujitambulisha sikuwa nimelala (miezi mingi nilikuwa silali vizuri, mchana duka la mbegu huko Endebess, jioni masomo, na katikati makopo ya enaji, vile vinywaji vya kuamsha mwili, matatu, siku nyingine manne). Nilikuwa naogopa tu, hata sijui naogopa nini. Simu ikilia nashtuka, Nekesa akiniuliza kitu kidogo namfokea, halafu naenda chooni kulia, mwanaume mzima. Sikumwambia mtu. Basi siku hiyo, badala ya kula, nikanywa kopo moja nichangamke, na tulipofika Kimilili nikaona mikono inatetemeka, nikaongeza la pili ili nitulie. Ati nitulie!

Tukakaribishwa sebuleni, wazee wetu upande huu, wao upande ule, maombi yakafanywa (marefu!), kisha mjomba wa Nekesa akasema, "Sasa huyo kijana ni nani? Asimame tumuone."

Nikasimama. Moyo ukaanza kupiga kama mashine ya kusaga mahindi, vidole vikafa ganzi, kifua kikabana, nikajua kabisa leo nakufa, tena kwa watu. Nilitaka hewa tu. Nikaruka meza, nikashika mlango wa nyuma, nikajikuta jikoni, nikapiga teke sufuria ya kuku (kuku wa wageni, jamani, wakamwagika wote), na mtu wa kwanza niliyemwona nikamkumbatia kwa nguvu zangu zote: "Mama, nakufa! Usiniache!"

Kelele zilizopigwa! Wanawake wengine wakakimbia. Mjomba akafika mlangoni, akasema, "Huyu si amelewa? Mrudisheni kwao." Baba yangu akaangalia chini. Nekesa alikuwa analia, na nikaona wazi kwamba nimempoteza.

Lakini yule mama, mamake Nekesa mwenyewe, hakunisukuma. Alikaa chini pale pale kwenye mchuzi, akaniwekea mkono mgongoni. "Pumua polepole. Toa pumzi. Tena." Kisha akamwambia kaka yake, "Hanuki pombe. Huyu mtoto ni mgonjwa. Mambo ya mwiko tutatengeneza baadaye, kwanza apelekwe hospitali."

Daktari akanipima, akasema moyo uko sawa, hiyo ni hofu iliyonizidi. Akaniuliza nakunywa nini na nalala saa ngapi, nikamtajia makopo yote, na haya zangu. Akasema yale makopo huenda yalikuwa yanachochea hofu na kuniibia usingizi, ila pengine si hayo peke yake, nipunguze hadi niache, na nirudi tuzungumze. Nimerudi mara kadhaa, na sioni aibu kusema.

Wazee wakakaa, mwiko ukatengenezwa kwa njia zao, na baada ya miezi mitatu tukaenda upya, nikakubaliwa (ingawa mjomba hadi leo akiniona anasogeza sufuria).

Enaji sigusi tena, hiyo nimeapa. Lakini kiapo kilichokuwa kigumu ni kingine: kusema ukweli nikiulizwa hali yangu. Mama mkwe sasa haniongeleshi moja kwa moja, ndiyo heshima yao. Kila Jumapili anampigia Nekesa simu, na nasikia sauti yake: "Muulize kama amelala." Nekesa ananigeukia na simu mkononi, anangoja. Zamani ningesema niko poa. Siku hizi, kama sijalala, nasema, "Mwambie sijalala."